Baba Jumlisha Mama

Kabla sijaandika hadithi yoyote iliyosomwa na watu, niliandika programu ya kompyuta. Niliiandika kwa penseli, nikiwa kidato cha tatu Kasulu, katika shule iliyopata umeme wa jenereta saa za prepu tu. Kompyuta yenyewe sikuwahi kuiona. Ilikuwa Dar es Salaam, katika ofisi alimofanya kazi rafiki wa mwalimu wetu wa hesabu, na kati yetu na mashine hiyo kulikuwa na barabara ya vumbi jekundu hadi Kigoma mjini, kisha reli iliyovuka nchi nzima.

Mwalimu huyo alikuwa kijana wa Bukoba, mrefu, mwenye kikohozi cha asubuhi ambacho alisema kimeletwa na baridi ya milima yetu. Jumamosi, tukishatoka shamba la shule na kunawa udongo miguuni, aliwabakiza darasani waliotaka kubaki. Mambo aliyotufundisha saa hiyo hayakuwa na mtihani. Mwenyewe alisema tunacheza.

Mchezo mmoja ulikuwa wa kujumlisha maneno. Aliandika ubaoni maneno mawili, moja juu ya jingine, akapiga mstari, na chini ya mstari akaandika neno la tatu, kana kwamba ni hesabu ya watoto wa darasa la pili. Kila herufi, alisema, imeficha tarakimu. Herufi ileile ni tarakimu ileile popote ilipo. Herufi mbili tofauti haziruhusiwi kushika tarakimu moja. Tena neno halianzi na sifuri. Kazi yetu ilikuwa kufichua tarakimu zilizomo hadi hesabu iwe sahihi.

Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza. Nilirudi bwenini nikijiuliza kama maneno yetu nayo hujumlishika. Nikajaribu mto na mlima, nikajaribu muhogo, nikajaribu hata Kasulu na Kibondo, na kila mara nilikwama katikati. Nilikuwa kwenye foleni ya bomba, ndoo ikiwa bado tupu, yaliponijia maneno matatu ambayo yalikuwa yakitembea pamoja tangu dunia iumbwe. Nikachuchumaa, nikayaandika kwa kijiti kwenye tope la pembeni:

BABA + MAMA = UZAZI

Siku kadhaa nilibahatisha, nikafuta, nikabahatisha tena. Mwisho hesabu ikakaa. 2929 jumlisha 7979 ni 10908. B ni mbili, A ni tisa, M ni saba; U ni moja, Z ni sifuri, I ni nane. Hakuna herufi iliyogombania tarakimu na mwenzake. Nilihisi kama mtu aliyebonyeza ukuta wa nyumba aliyozaliwa akakuta mlango.

Mwalimu aliijumlisha mwenyewe kwa kidole hewani, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Hii umeitoa kitabu gani?"

"Nimeitunga, Mwalimu."

"Acha utani."

"Kweli, Mwalimu. Nimeitunga bombani."

"Haya, mtunzi. Ina majibu mangapi?"

Sikujua. Ninalo moja, nikamwambia, na hilo moja limenichosha.

"Basi hujaimaliza," alisema. "Kupata jibu ni jambo moja. Kujua kwamba umeyapata yote ni jambo jingine. Hiyo ndiyo kazi ya mashine."

Muda si mrefu baada ya hapo akatuletea habari. Rafiki yake wa Dar es Salaam alikuwa amemwandikia kwamba ofisi yao itapokea mwanafunzi mmoja kutoka shule yetu wakati wa likizo ndefu, akae nao, ajifunze mashine inavyofanya kazi. Sharti lilikuwa moja: anayetaka kwenda atume swali lake na programu ya kulijibu. Programu itapitishwa kwenye mashine. Ikirudi na jibu, Mwalimu atapeleka jina.

Nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nasema hivyo nikijua uzito wake, maana nilikuwa binti wa Gwarama, upande wa juu wa Kibondo, na kutaka kwetu kulikuwa na mipaka inayoeleweka: mvua ije kwa wakati, maharage yasiliwe na wadudu, mgonjwa apone. Hii ya kutaka kuketi mbele ya mashine isiyojua usingizi sikuwa na mtu wa kumweleza. Nilikuwa naipitisha kichwani nikipalilia, nikifua, nikiimba kwaya. Nilikwisha kujiona nimeketi garini, dirisha wazi, nchi ikirudi nyuma.

Mwalimu alitufundisha namna ya kuandika. Mashine, alisema, haimjui baba wala mama. Haiwezi kukisia, na haichoki. Uiambie kila hatua kana kwamba unamtuma shambani mtu ambaye hajawahi kushika jembe. Mpe B moja. Mpe M moja. Je, zimefanana? Kama zimefanana, achana na hiyo, mpe M mbili. Mpe A tarakimu isiyochukuliwa, mpe U, mpe Z, mpe I. Sasa jumlisha. Imekubali? Chapa. Imekataa? Badilisha ya mwisho, jaribu tena. Nilipoielewa niliona ni kupanda maharage: shimo baada ya shimo, mstari baada ya mstari, bila kuchagua udongo, mpaka shamba zima liishe. Maagizo yenyewe yaliandikwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza na tarakimu nyingi, kwenye karatasi ya miraba, alama moja kila mraba. Yalikuwa machache, ukurasa haukujaa. Mwishoni niliongeza agizo la kwangu: kama shamba limekwisha na hakuna jibu hata moja lililoota, chapa neno HAKUNA.

Mashine haikuweza kusoma mwandiko. Huko ofisini kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusoma karatasi kama yangu na kutoboa matundu kwenye kadi ngumu, kadi moja kwa kila mstari. Mashine ilisoma matundu.

Tuliotuma tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mvulana aliyehamia muhula ule kutoka Tanga, baada ya baba yake kufungua duka la vitambaa pale Kasulu mjini. Tulimwita Mgeni na hakukasirika. Kiswahili chake kilitiririka, chetu kikaonekana kinatembea kwa magoti. Nyumbani tuliongea Kiha, na Kiswahili tulikivaa pamoja na sare. Programu yake ilikuwa ya kuorodhesha vipeo vya pili, moja mara moja, mbili mara mbili, hivyo hivyo mpaka mwisho wa ukurasa.

"Bibie, wewe waiuliza mashine mambo ya ndoa za watu," aliniambia siku tuliyotuma. "Mimi naiuliza hesabu."

"Yako hata jedwali la ukutani linaijua."

"Na ikinijibu?"

"Itakujibu huku inapiga miayo."

Alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka haraka, hata alipochekwa.

Tukangoja. Mvua zilikatika, nyasi za kiwanjani zikaanza kugeuka rangi, likizo ikakaribia. Majibu yalirudi pamoja katika bahasha moja. Rafiki wa Mwalimu alikuwa amekata vipande vya chini tu vya karatasi ili viingie, na Mwalimu akavibandika ubaoni Jumamosi ile kwa ugali uliobaki jikoni. Cha Mgeni kilikuwa na tarakimu zilizojipanga kama askari. Changu kilikuwa na neno moja.

HAKUNA.

Darasa lililipuka.

"Mashine imekataa ndoa!"

"Baba na mama hawakuzaa!"

"Mwambie ijaribu shangazi!"

Mgeni naye alicheka, ila kidogo, akatazama kipande chake tena. Mimi nilisimama nikilitazama neno nililoliweka mwenyewe kwenye mdomo wa mashine. Jibu nilikuwa nalo mkononi. Mtu yeyote aliyemaliza darasa la pili angeweza kulijumlisha akaona. Mashine isiyochoka wala kuruka shimo ilikuwa imepita shamba zima na kusema hakuna kitu.

Mwalimu alijumlisha tena, safari hii kwa chaki. Ikakubali. Akaomba rasimu yangu, akaipitia mstari kwa mstari huku mimi nikiwa begani kwake. Hakuona kosa. Nami sikuona.

"Pengine mashine imekosea," nikasema.

"Mashine haikosei namna hiyo," alijibu kwa upole. Upole wake uliniumiza kuliko kicheko cha wenzangu. "Gari la posta linaondoka Jumatatu mchana. Lazima liwe na jina."

Jumapili ilikuwa zamu yangu jikoni kuchambua maharage. Niliketi na gunia mbele yangu, mawe upande huu, maharage upande ule, na akili yangu haikuwa hapo hata kidogo. Nikaacha kubahatisha. Nikachukua punje, nikazipanga juu ya sinia kama safu za hesabu yangu, nikazitazama kutoka kulia kwenda kushoto. Safu ya tatu ndiyo iliyofunguka. Pale A inajumlishwa na A, na jibu linaloandikwa ni A tena. Nani hujumlishwa na mwenzake wa sura moja akabaki yeye yuleyule? Sifuri, lakini sifuri ingeifanya I nayo iwe sifuri, na hilo limekatazwa. Au tisa, ikiwa kuna moja iliyobebwa kutoka safu ya nyuma: tisa na tisa ni kumi na nane, na moja kumi na tisa, unaandika tisa. Hakuna mwingine. A ni tisa, haina hiari. Basi I ni nane. U, iliyobebwa mwisho, ni moja. Waliobaki na uhuru ni B ya baba, M ya mama, na Z, ambayo ni kile kinachozidi kumi ukijumlisha B na M na kuongeza moja.

Nilipanga punje mpaka mpishi akaja kuuliza kama maharage yameota. Zilikuwa jozi saba tu. Mbili na saba, tatu na sita, nne na tano. Nne na saba, tano na sita. Tano na saba. Sita na saba. Kila jozi hugeuka: anayekuwa baba aweza kuwa mama, na jumla haijali. Majibu kumi na manne. Si moja. Si hakuna.

Jumatatu asubuhi nilimfuata Mwalimu kabla ya gwaride.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba ubao, kipindi cha kwanza."

"Marahaba. Wa kufanya nini?"

"Mashine ilitakiwa kuchapa mistari kumi na minne. Nitaonyesha yote."

Alinitazama, akakohoa, akanipa chaki.

Sijawahi kuandika ubaoni vizuri kama siku ile. Nilieleza safu ya tatu, nikaona vichwa vikitikisika, hata vya wale waliopiga kelele za shangazi. Kisha nikaandika jibu la kwanza kwa tarakimu kubwa: 2929, chini yake 7979, nikapiga mstari, nikaandika 10908.

"Mbona elfu sabini?" aliuliza Mgeni kutoka nyuma.

"Nini elfu sabini?"

"Hapo chini. Elfu sabini na mia tisa na nane. Elfu mbili na elfu saba zazaaje elfu sabini?"

Msichana wa Makere aliyeketi mbele yake akageuka. "Wewe Mgeni, huko Tanga hamkusoma? Hiyo ni moja."

"Moja yenye kofia?"

"Moja!" lilijibu darasa karibu zima.

"Na saba yenu i wapi?"

Nilimwonyesha ile ya 7979. "Hii. Ina mkanda tumboni."

"Kwetu saba haivai mkanda." Alikuwa bado anacheka. "Kwetu moja ni kijiti tu, kama njiti ya kiberiti. Hiyo yako yenye kofia, mtu yeyote wa pwani ataisoma saba, na ile yenye mkanda atadhani umeikata kwa kukosea."

Kisha akaacha kucheka. Nilimwona akiacha. Macho yake yalitoka ubaoni yakaenda kwenye kipande chake cha karatasi, kilichokuwa bado kimebandikwa pembeni, yakarudi kwangu.

Kule kwetu, katika shule nyingi za mpakani, ndivyo tulivyofundishwa. Mwalimu wa kwanza wa shule yetu alisomea ng'ambo, Burundi, kwa mapadri, na kwa hao alijifunza moja yenye mkono mrefu unaopanda kabla ya kushuka, ndefu kiasi kwamba saba ililazimika kuvaa mkanda ili zisigombane. Aliowafundisha wakawa walimu wetu. Hatukujua kwamba nchini mwetu kuna namna nyingine yenye haki kuliko hiyo. Tulikuwa tunaandika moja.

Mwalimu alikuwa amekwisha kuchukua rasimu yangu. Akaisoma kwa sauti, polepole, akijilazimisha kuisoma kama mtu wa Dar es Salaam.

"Mpe B, kuanzia saba hadi tisa. Mpe M, kuanzia saba hadi tisa. Mpe U, kuanzia saba hadi tisa." Halafu akafika kwenye ile namba ya kuzidishia. "Elfu moja na kumi... elfu saba na sabini."

Hakuna aliyecheka. Mtoboa kadi alisoma kilichoandikwa kama alivyofundishwa kusoma; mashine ikatii kadi. U yangu, ambayo haiwezi kuwa kitu kingine ila moja, haikupewa hata mara moja nafasi ya kuwa moja. Katika shamba lile jibu lisingeota kamwe.

"Miaka miwili nasahihisha madaftari yako," Mwalimu alisema. "Mwanzoni nilikuwa nakukosesha, unakumbuka? Kisha macho yakazoea. Karatasi hii nimeisoma nikaipeleka posta kwa mkono wangu."

"Kwa hiyo programu ni nzima, Mwalimu."

"Ni nzima."

"Naomba ipelekwe tena."

"Itapelekwa. Lakini mashine ina foleni, umeona tulivyongoja. Gari linaondoka mchana." Alifuta mikono yake ya chaki kwenye suruali, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Sharti ni programu iliyorudi na jibu. Nimewaambia hivyo wote wawili. Iliyorudi na jibu ni moja."

"Nimeonyesha majibu yote kumi na manne. Hapo ubaoni."

"Umeonyesha, na ni kazi nzuri kuliko ile ya kwake. Yeye mwenyewe anajua. Lakini nikiandika jina lako nitakuwa nimeandika kwamba imefanya kazi Dar es Salaam, na Dar es Salaam wanajua haikufanya."

Nilimwita mwongo moyoni, na haikuwa kweli. Alikuwa ameahidi kitu akakitimiza; ubaya ni kwamba kilikuwa kimeniangukia mimi. Nilirudi kwenye dawati langu. Kipindi kilichofuata kilikuwa cha siasa na sikusikia neno.

Saa ya chakula Mgeni alinikuta kwenye ngazi za bweni la wasichana, mahali ambapo wavulana hawakuruhusiwa kufika.

"Ningenyamaza ningeenda vilevile," alisema. "Sikukudhuru."

"Nani kasema umenidhuru?"

"Macho yako."

"Na wewe ulipoona, uliogopa. Nilikuona."

"Niliogopa kweli. Nilidhani sasa Mwalimu atakupa wewe nafasi." Alikwaruza ngazi kwa kiatu. "Mdomo ulitangulia, dada. Ungenipa muda wa kufikiri, labda ningemeza."

Nilishindwa kumchukia, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Hakusema kwamba angemwomba Mwalimu anipeleke mimi. Nilingoja aseme. Alitaka kwenda kama mimi.

"Niandikie upya," alisema badala yake. "Kwa njiti za kiberiti. Nitaipeleka mwenyewe, nitaitoboa mwenyewe nikifundishwa."

Nilikaa na karatasi mpya ya miraba mpaka wenzangu walipokuwa wamemaliza kula. Kila nilipofika kwenye moja, mkono ulipanda wenyewe kutafuta kofia, na ilinibidi niushushe. Moja bila mkono ilionekana kama mtu aliyevuliwa. Nilimpa karatasi hiyo mbele ya watu, akaikunja ndani ya kitabu cha jiografia.

Likizo ilipoanza yeye alishuka kwenda Kigoma kupanda treni. Mimi nilipanda lori la kwenda Kibondo, juu ya magunia ya chumvi, upepo wa Makere ukinipiga usoni, na barabara ikaniletea miti ileile, na vilima vilevile, vya kijani kibichi pale palipokuwa na maji na vya kahawia kwingine kote. Sikulia. Niliwaambia abiria wawili waliotaka kujua kwa nini nimenuna kwamba jino linauma.

Nyumbani tulivuna maharage, tukayaanika, tukayapiga kwa fimbo uani. Jirani aliyepita alituamkia "Mwidiwe," tukaitikia bila kusimamisha fimbo. Jioni moja nilimwonyesha mama hesabu yangu kwa punje, juu ya mkeka. Hakujua kusoma, lakini kuhesabu alijua. Alizitazama jozi saba kwa muda.

"Baba akikaa hapa kwa mama, na mama pale kwa baba, jumla inabaki?"

"Inabaki."

"Baba yako asisikie," alisema, akazikusanya punje ndani ya ungo, maana zilikuwa za kupikwa.

Baba alikuwa mlangoni na alisikia. "Na hiyo mashine," aliuliza, "huyo aliyekwenda ni mtoto wa nani?"

"Wa mwenye duka, Kasulu."

"Alikuzidi akili?"

"Hapana."

"Basi nini?"

Nilimweleza kuhusu moja na saba. Akaandika moja vumbini kwa ncha ya fimbo, yenye mkono mrefu kama tulivyofundishwa wote, yeye na mimi, akaitazama kana kwamba inamdai maelezo. Aliingia ndani kuvuta kiko.

Shule ilipofunguliwa, Mgeni alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amenenepa kidogo, na alinijia kiwanjani na karatasi ndefu, pana, yenye matundu pembeni, imekunjwa kama nguo ya dukani kwao. Hakutaka niisome darasani. Tuliikunjua kwenye nyasi nyuma ya jiko.

Ilikuwa mistari kumi na minne. Niliihesabu, kisha nikaitafuta ile yangu ya bombani. Ilikuwa ya kwanza: 2929, 7979, 10908. Mashine ilikuwa imeanza na baba mdogo kuliko wote. Chini kabisa, pale ambapo safari ya kwanza paliandikwa HAKUNA, hapakuwa na kitu.

"Nilitoboa kadi zote mimi," alisema. "Niliharibu nyingi. Yule mama wa kutoboa kadi alinifokea, nikamwambia hizi ni za mwenye zile saba. Akasema mwambie mwandiko wake mzuri sana, ila una kiburi."

Nilifurahi. Sitasema kwamba sikufurahi. Nilipitisha kidole kwenye ile mistari, wino wake haukutoka mkononi, na nilijua kwamba kitu nilichokitunga nikichota maji kilikuwa kimepita ndani ya mashine na kutoka upande wa pili kikiwa kizima. Na chini ya furaha hiyo kile nilichokitaka kilikuwa palepale, hakijapungua. Nilikuwa nataka kwenda. Likizo ilikuwa imekwisha na sikwenda.

"Hebu niambie," nikasema. "Inalia?"

"Mashine? Inalia. Kama mvua ya mawe kwenye bati, ikianza kuchapa."

"Na kabla ya kuchapa?"

"Inavuma tu."

"Inavumaje?"

"Inavuma, bwana! Kama... sijui. Kama jokofu."

Sikuwa nimewahi kusikia jokofu. "Chumba kina rangi gani? Huyo mama anakaa upande gani wa mlango? Ukiingia unaona nini kwanza?"

Alijibu la kwanza, akajibu la pili kwa kukisia. La tatu alikuwa hakumbuki. Alikuwa ameingia, akaketi, akafanya alichoambiwa. Nikamuuliza tena kwa njia nyingine. Nikauliza kuhusu sakafu. Nikauliza kadi zinanukia nini.

"Aa, dada!" alisema. "Si ungekwenda mwenyewe!"

Maneno yalikuwa yameshatoka. Karatasi ilipepea kati yetu, na jikoni mtu akamwaga maji ya kuoshea sufuria. Aliweka jiwe dogo kwenye kila pembe ya karatasi ili upepo usiichukue. Akafumba macho.

"Sakafu ni nyeusi," alisema baada ya muda. "Ngoja kwanza. Inang'aa. Walitwambia tuvue viatu."

"Endelea," nikamwambia.

Akaendelea.